Baba mkwe amegundua kwamba majibu nilikuwa ninayajua

Barua ya msomaji

Bi Mshauri, assalaamu alaykum.

Nimeolewa Wete, na kwa muda wa miaka tisa ninaishi nyumba moja na baba mkwe wangu, ambaye alikuwa akisomesha Kiingereza katika skuli za Pemba mpaka alipostaafu. Mume wangu anafanya kazi Unguja na huja nyumbani mwisho wa wiki, kwa hivyo nyakati za jioni, watoto wanapokuwa chuoni, tunabaki wawili: mimi na duka langu dogo la mbele ya nyumba, na mzee na gazeti lake.

Gazeti lenyewe ni la Uingereza. Shemeji yangu ameajiriwa katika hoteli moja ya Mji Mkongwe, na wageni wakishaondoka yeye huyaokota magazeti waliyoyaacha vyumbani, akayafunga kwa kamba na kuyapakia kwenye boti. Mzigo hufikia dukani kwangu. Mzee huchukua ukurasa mmoja tu, ule wenye fumbo la miraba, 15 kwa 15, ambamo maneno hujazwa herufi kwa herufi yakipitana, na kurasa zilizobaki mimi huzifungia bajia.

Wengi wanapoisikia habari hii hudhani kwamba ni ile chemsha bongo ya kawaida, ambayo huulizwa mji mkuu wa Misri ukaandika Kairo. Hii siyo. Mzee hunisimulia kwamba fumbo la kwanza la miraba, lililotoka katika gazeti moja la New York tarehe 21 Disemba 1913, lilikuwa la maana za wazi, na kwamba Waingereza ndio waliolitia hila katika miaka ya 1920. Katika aina hii kila dokezo, yaani maelezo mafupi ya kukuelekeza kwenye neno, lina pande mbili: upande mmoja ni maana ya neno linalotafutwa, na upande wa pili ni namna ya kulijenga neno hilo hilo kwa herufi zake au kwa maana yake nyingine, na pande zote mbili zimeshonwa pamoja zikawa sentensi inayojifanya inazungumzia jambo jingine kabisa. Ili nifahamu, siku ya kwanza alinitungia moja kwa Kiswahili: "Samaki, wala si chako", herufi sita. Nilijaribu kolekole ikazidi, nikajaribu papa ikapungua, na yeye hakunisaidia hata kidogo. Siku ya pili, nikiwa jikoni ninawapaka chumvi samaki wa mchana, niliwatazama waliomo mkononi mwangu nikapiga ukelele mpaka jirani akauliza kuna nini. Walikuwa changu.

Huu ni mwaka wa tatu. Mzee huukunja ukurasa mara nne, hushika kalamu ya risasi, na hulisoma dokezo mara mbili, mara ya kwanza kama lilivyo na mara ya pili akilikatakata kama fundi anayetafuta mshono wa nguo, nami hukaa na kamusi. Neno linapopatikana hujipiga goti na kusema, "Limeingia!" Kwa kweli ninaipenda sauti ile ya goti kuliko neno lenyewe. Kuna siku pia tunakwama kwenye kona moja mpaka tunakasirikiana, yeye akidai kwamba herufi niliyoiandika jana ndiyo iliyoharibu, na mimi nikidai kwamba aliyeniamuru kuiandika ni yeye.

Tatizo lilianza mwaka jana baada ya Ramadhani, nilipoanza kuyaona majibu kabla ya mzee kumaliza kusoma. Sikusema, kwa kuwa ana miaka 76, ni mkwe wangu, na ndiye aliyenifundisha. Nilikuwa nikikohoa, au nikiuliza swali la kijinga lililoelekea kwenye jibu: "Baba, hili neno la mwisho haliwezi kuwa na maana ya pili?" Naye akalidaka. Lakini kunyamaza na jibu mdomoni ni mateso, Bi Mshauri, ni kama kuzuia chafya. Jioni moja alihangaika na neno moja tangu alasiri mpaka karibu ya magharibi, akaandika silo, na maneno mawili yaliyopitana nalo yakaharibika, nami nimekaa tu ninageuza kurasa za kamusi. Basi nikaona njia ya kujipoza ni kulifumbua fumbo peke yangu asubuhi mzigo unapofika, nikiyaandika majibu nyuma ya daftari la madeni, ili jioni nikae naye nikiwa nimeshatulia.

Siku 11 zilizopita jirani alikuja kulipa deni la unga nikiwa uani ninafua, na mzee akalifungua daftari. Madeni huandikwa kwa tarehe, na kwa mazoea nami hutia tarehe juu ya kila ninachokiandika humo. Akayaona majibu ya Jumatatu ya fumbo tulilolimaliza pamoja Jumatano, 22 kati ya 28, kwa mwandiko wangu, na miongoni mwao limo neno alilojipigia goti. Hakusema kitu. Alipokea fedha, akalikata deni kwa rula kama anavyofanya siku zote, akalirudisha daftari mahali pake. Jioni nilipompelekea ukurasa alisema kwamba macho yake yamechoka. Tangu siku hiyo magazeti yamekaa na kamba yake.

Mume wangu anasema niache, huu ni mchezo tu, mzee atasahau. Mama yangu anasema nilifanya vyema, kwani mkubwa hustahiwa, na kwamba nikienda kuomba radhi nitamfedhehesha zaidi, kwa maana nitakuwa ninayatamka kwa kinywa yale ambayo yeye ameamua kuyanyamazia. Nifanyeje? Na akikubali kurudi, nijifanye sijui, au niseme kila ninachokiona mpaka ionekane kwamba ninamshinda?

Mkaza mwana, Wete

Jibu

Wa alaykumu ssalaam, mwanangu.

Mama yako amepata nusu, na mume wako hakupata chochote. Anayekuwapo nyumbani siku mbili kwa wiki si rahisi kuujua uzito wa jambo linalofanywa katika zile tano nyingine.

Linalomuuguza mzee, kwa ninavyoisoma barua yako, si kwamba umemzidi. Mtu aliyesomesha hadi kustaafu ameshazidiwa na wanafunzi wengi, na kila anayemzidi humtaja kwa jina barazani. Linalomuuma ni hesabu anayoifanya sasa peke yake: analikumbuka kila neno alilolishangilia tangu mwaka jana, na kwa kila moja anajiuliza kama alilipata mwenyewe au alikoholewa. Kikohozi chako, ambacho wewe ulikiona ni adabu, kimeyatia shaka hata yale ambayo hukuyakohoa. Ndiyo maana kunyamaza anakokutaka mama yako hakutamsaidia, kwa sababu aibu ambayo mnaogopa kumtamkia yeye anajitamkia kila jioni, na kwa kipimo kikubwa kuliko ukweli ulivyo.

Na ukweli unao wewe, umeuandika na umeutia tarehe. Umetaja majibu 22 kati ya 28 ukapita mbio. Mimi nilisimama hapo. Yale sita aliyapata nani? Fumbo mlilimaliza Jumatano, kwa hivyo ama aliyapata mzee ama mliyapata pamoja. Kwa vyovyote vile, wewe peke yako, asubuhi, bila ya mtu wa kukuharakisha wala wa kumstahi, yalikushinda. Mzee aliyaona yaliyoandikwa. Mtu aliyeshtuka hazioni nafasi zilizo wazi, na ninashangaa kwamba hata wewe uliyeziacha wazi hukuziona.

Basi lichukue daftari hilo hilo. Nenda nalo baada ya sala ya Alasiri, ndani, si barazani penye wazee wenzake, na ukae pale unapokaa siku zote. Mwambie kwa maneno machache kwamba baadhi ya majibu ulikuwa ukiyajua na ukajifanya huyajui, kwamba ulikosea, na kwamba unamwomba radhi. Usianze kueleza kwamba ilikuwa ni heshima, kwa sababu ukianza hapo utakuwa unamtaka akushukuru. Kisha mfungulie kurasa za nyuma, tarehe kwa tarehe, mwoneshane ni yapi uliyokuwa nayo tangu asubuhi na ni yapi aliyokupa yeye. Yatakuwapo yatakayomuuma. Lakini ataipata hesabu iliyo sahihi, na walimu (marehemu mume wangu alikuwa mmoja wao) hustahamili alama ndogo kuliko alama ya kupewa.

Wapo watakaokushauri uombe radhi kwa fumbo, kwa kuwa ndiyo lugha yenu wawili, na nakiri kwamba hata kalamu yangu ilishawishika. Nilikutungia dokezo: "Nusu ya mama sahanini: neno la kuombea radhi", herufi nane. Usilitumie. Kumtegea mtu fumbo ili aipate haki yake ni kumfanyisha kazi mara ya pili. Ni kweli kwamba wapo waliosema makubwa kwa njia hiyo. John Graham, mtungaji wa mafumbo wa gazeti la The Guardian ambaye wasomaji walimjua kwa jina la Araucaria, mwezi wa Januari 2013, akiwa na miaka 91, aliwaarifu wafumbuaji wake kwamba ana saratani ya umio kwa kuyaficha maneno ya ugonjwa wake ndani ya miraba, nao wakaipata habari ile neno baada ya neno. Lakini zilikuwa habari zake mwenyewe, na hapakuwa na msomaji aliyekuwa akimdai. Wewe unadaiwa, na deni lako ulipe taslimu. Dokezo la sahani liweke. Mkishapatana, mtegee siku yoyote mcheke.

Sasa nije kwenye swali lako la pili, ambalo kwa hakika ndilo lililonifanya niichague barua hii. Unauliza ujifanye hujui au umshinde, kana kwamba hakuna njia ya tatu. Mafumbo haya yana sheria ya kuficha, na mtungaji mmoja wa Uingereza aliyejiita Afrit aliiandika mwaka 1949: mtungaji halazimiki kukusudia anachokisema, lakini analazimika kusema anachokikusudia. Yaani sentensi ya juu na ikudanganye ipendavyo, mradi ukishaikata mahali pake kila neno liwe limetoa hesabu ya kweli. Litazame dokezo la mzee. "Samaki, wala si chako" inakusukuma umfikirie mwenye samaki, na hapo ndipo unapopotea. Lakini ukate kwenye mkato, na "samaki" ni changu, na kisichokuwa chako ni changu, wala hakuna neno lililobaki nje bila ya kazi. Ni dokezo zuri sana, na ninamhusudu aliyelitunga.

Ruhusa hiyo ya kuficha, hata hivyo, amepewa mtungaji peke yake. Wafumbuaji wako upande mmoja wa ukurasa, wameketi pamoja, na wote wawili wanadanganywa na mtu mmoja aliye mbali. Wewe ulivuka ukahamia upande wa mtungaji bila ya kumwambia mwenzio. Ukawa unamtegea ukiwa umekaa naye mkeka mmoja, na madokezo yako ya kikohozi hayakuwa na sheria hata moja.

Wala usidhani kwamba dawa ni kulitamka jibu pindi linapokujia. Haraka ina mahali pake. Mwezi wa Januari 1942 gazeti la Daily Telegraph liliwakusanya wasomaji wake London na kuwapa fumbo walimalize kwa dakika 12, na baadhi yao baadaye waliitwa kwenda Bletchley Park kufanya kazi ya kuvunja maandishi ya siri ya Wajerumani. Kulikuwa na vita. Ukumbini kwenu Wete hakuna vita wala saa ukutani inayowasubiri, na kinachowakalisha pamoja ni ule muda wa kutojua, ambao anayeropoka jibu humkatia mwenziwe.

Sisi tulikuwa na sheria nzuri zaidi ya hizo za Kiingereza kabla ya gazeti kufika, nawe uliicheza utotoni kila usiku. "Kitendawili!" "Tega!" Asiyejua hakuonewa huruma wala hakudanganywa, aliambiwa, "Nipe mji." Akautoa Chake Chake, mtegaji akaupokea, akajigamba kidogo juu ya mambo aliyoyaona safarini huko, ndipo akatoa jibu. Kushindwa kulikuwa na bei, na aliyeilipa alibaki bado ni mwenye miji mingine. Zileteni sheria hizo kwenye gazeti. Dokezo lisomwe mara mbili, kama mzee anavyosoma. Atakayeliona aseme, "Ninalo," asiongeze neno, na asikohoe. Mwenziwe ana hiari ya kuendelea kutafuta muda apendao, au ya kuuliza jambo moja tu, kwamba maana imekaa mwanzo wa sentensi au mwisho, maana katika mafumbo haya haikai katikati, au ya kutoa mji. Akitoa mji, mwenye jibu asilitaje. Aoneshe pa kukata, herufi zichambuliwe mbele ya wote wawili, mpaka neno litoke lenyewe na anayejipiga goti awe na haki ya kujipiga. Anzeni na Konde na Micheweni. Wete nadhani itachukua muda kabla ya mmoja wenu kukubali kuitoa. Na wewe pia utatoa miji mingi, mapengo yale sita yanaonesha.

Kuhusu lile la herufi zilizoharibu kona, kila mmoja awe na kalamu yake ya risasi na raba iwe moja. Ugomvi utapungua, sitaki kusema kwamba utakwisha.

Tena, huenda macho yamechoka kweli. Miaka 76 si michache, madokezo ya magazeti yale huchapishwa kwa herufi ndogo mno, na inawezekana kwamba ule ucheleweshaji wote ulioanza kuuona mwaka jana si wa akili bali ni wa mtu anayesoma mstari mara tatu ndipo auone. Mpelekeni akapimwe, na kabla ya hapo mwandikie madokezo kwa kalamu nene kwenye daftari la hesabu.

La mwisho ni kwamba mzee alikutungia dokezo moja kwa Kiswahili, na katika barua yako sikuona kwamba alitunga la pili, wala kwamba wewe umewahi kumtungia yeye. Hilo ndilo mlilolikosa. Mkitungiana, yule mwenye hamu ya kuficha ataficha kwa halali. Lugha yetu inafaa kwa kazi hiyo kuliko wengi wanavyodhani, kwa kuwa silabi zake nyingi huishia kwa irabu na hupinduka bila ya kuvunjika, na ndiyo sababu watoto wa zamani waliweza kuzungumza kinyume mbele ya wakubwa: walisema lima, nawe ukitaka kufahamu uirudishe iwe mali. Nimewatungia matatu ya kuanzia. "Faru, kua ovyo: zao la Pemba", herufi saba, mvuruge faru pamoja na huko kukua kwake mpaka usikie harufu ya jamvi lililoanikwa karafuu. "Amina, nasi tumefichiwa tunda", herufi sita. Tunda limo humo humo, limelala baina ya jina la mtu na neno linalofuata, na hakuna herufi iliyohamishwa. La tatu ni "Wageuze sita wawe samaki", herufi nne.

Hili la tatu sikulifafanua kwa makusudi. Msomee mzee mara mbili, jioni ya siku mtakayopatana. Wewe utakuwa umeshalijua kabla ya kufika mwisho wa mstari huu. Mwambie, "Baba, ninalo," kisha weka kamusi chini umsubiri.